Baada ya Kengele

Goheung, 8 Machi 1982

Mwanangu Gyeongsu,

Hujambo mwanangu? Unakula? Unalala? Mimi sijambo, isipokuwa masikio, na hayo ni uzee tu, usianze kuhangaika. Juzi Mama Yeongho aliniita toka ng'ambo ya shamba mpaka akachoka, akaja kunivuta mkono na kusema siku hizi nina maringo. Nikamwambia maringo nilizaliwa nayo, masikio ndiyo yana jambo jipya.

Redioni wametaja mgodi wa huko kwenu, ule ulioingia maji watu wakiwa ndani. Hapa kanisani tuliwaombea kila alfajiri. Nilingoja barua yako, sikuona kitu. Najua mwinjilisti ana kazi nyingi mahali penye msiba, lakini hata mstari mmoja, Gyeongsu? Mzee Maeng ananiuliza habari zako kila Jumapili. Yeye ndiye aliyekusemea ukaingia chuo cha uchungaji, na anavyotamba, utadhani vuli ijayo atakayewekewa mikono awe mchungaji ni yeye.

Nimekutumia mwani mkavu. Gawa na watu, usile peke yako gizani kama paka.

Mama yako

*

Gangwon, 21 Machi 1982

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na magoti hayakusumbui. Mwani umefika, asante. Mimi mwili ni mzima.

Mama, hili nakuandikia wewe tu. Maji yalipoingia mgodini, nilisimama na familia kwenye theluji pale mlangoni. Tuliimba, tukaomba mpaka sauti zikakauka. Mama Miran alikuwa pembeni yangu. Binti yake yumo katika darasa langu la Jumapili, na mumewe alikuwa chini. Aliponitazama, nilimshika mikono nikamwambia, "Atatoka. Mungu ameniambia."

Mungu hakuwa ameniambia chochote. Nilisema kwa sababu alinitazama.

Baba Miran alitolewa amekufa. Niliongoza mazishi, na tangu hapo sijapita mbele ya nyumba yao. Nikienda kununua makaa, nazunguka kilima kizima ili nisionane naye. Na nikifumba macho kuomba, hakuna mtu, Mama. Ni kama kuongea na simu iliyokatwa. Alfajiri napiga kelele kama wenzangu, lakini ndani yake hamna neno hata moja.

Nataka kuacha kazi hii kabla ya vuli. Siwezi kuwekewa mikono nikiwa hivi. Tafadhali usimwambie mtu, na zaidi ya wote usimwambie Mzee Maeng.

Mwanao, Gyeongsu

*

Goheung, 14 Aprili 1982

Mwanangu,

Salamu nyingi. Kaa kwanza ndipo usome.

Ulisema nisimwambie mtu, na sikumwambia mtu. Nilimwambia Mungu. Nitamwambia nani mwingine, kuku? Kila alfajiri tukishaita "Bwana!" mara tatu, kila mtu anaachia lake kwa sauti, na unajua mwenyewe kelele ile: hata ukikiri kuua, jirani yako hasikii, naye ana yake. Basi nilikuwa naomba hivyo siku zote, na siri yako ilikuwa salama.

Jumatano Mchungaji Ra aligonga kengele ya mezani kama kawaida, watu wanyamaze. Wote wakanyamaza. Mimi sikuisikia, Gyeongsu. Macho nimefumba, nimepiga magoti, naendelea kwa sauti ile ile ya kushindana na watu wote. Nilikuwa nasema, "Bwana, Gyeongsu wangu anasema akifumba macho hamna mtu. Alimwahidi mjane kwa jina lako, na mume hakutoka. Anataka kuacha uchungaji. Kama umeondoka, mwambie mwenyewe, usimwache anagonga mlango wa nyumba tupu."

Nilipofumbua macho, kanisa zima lilikuwa linanitazama. Mchungaji bado ameshika kengele. Mzee Maeng alikuwa benchi la mbele upande wa wanaume, sikuona uso wake, niliona shingo tu, na ilikuwa nyekundu. Alitoka bila kumsalimia mtu. Nilitamani ardhi inimeze.

Ningeweza kukuficha, maana uko mbali. Lakini ungelisikia kwa mwingine, na mwingine angeliongezea chumvi. Nisamehe, mwanangu. Nimekuaibisha nikidhani nakuombea.

Mama yako

*

Gangwon, 25 Aprili 1982

Mama,

Barua nimeipata. Naomba usiniandikie kwa sasa.

Gyeongsu

*

Goheung, 9 Mei 1982

Mwanangu Gyeongsu,

Umesema nisiandike. Hilo nimelisikia vizuri kabisa, kwa hiyo naandika habari za shamba tu. Vitunguu saumu vimekubali. Mvua ya kutosha. Siku hizi Mama Yeongho anakaa karibu nami kanisani, na kengele ikilia ananifinya. Ananifinya kuliko inavyohitajika.

Umekula?

Mama yako

*

Goheung, 20 Juni 1982

Mwanangu,

Hujambo? Sijui kama barua hizi unazifungua au unawashia jiko. Kama hii imeponea, isome mpaka mwisho, kisha nitanyamaza mpaka utakaponiita.

Tangu ile Jumatano Mzee Maeng hakunisemesha. Tukipishana njiani anainamisha kichwa na kwenda zake. Nilijua amekasirika. Alikusemea kwa watu wakubwa, na mimi nimemvua nguo mbele ya kanisa. Nilimpelekea kimchi ya majani ya haradali niliyoichachusha mwenyewe, ile anayoipenda, mkewe akaipokea mlangoni, yeye hakutokea.

Jana alfajiri tuliomba kama kawaida. Kengele ikagongwa, nikafinywa, nikanyamaza. Ndipo Mzee Maeng akasimama. Alisema, polepole, nami nilimsikia kila neno maana hapakuwa na sauti nyingine: "Tangu mwanangu aliporudishwa kutoka jeshini ndani ya sanduku, mimi sijaomba. Naita 'Bwana' mara tatu pamoja nanyi, halafu nataja vituo vya basi kutoka hapa mpaka Suncheon, kimoja kimoja, ilimradi mdomo usifungwe mkajua. Nikifika Suncheon naanza kurudi."

Kuna mtu alitaka kucheka, akashindwa. Mzee akasema, "Namwonea wivu kijana wa huyu mama. Yeye amethubutu kumwambia mama yake. Mimi hata mke wangu ndiyo kwanza anasikia leo." Akaketi.

Gyeongsu, mwanawe alikufa ukiwa bado unasoma shule ya msingi. Miaka yote hiyo nimemsikia mtu yule akiomba, nikasema moyoni, laiti ningekuwa na imani kama ya Maeng. Yeye alikuwa kwenye basi.

Mama Yeongho ndiye aliyeinuka, akavuka mpaka upande wa wanaume, jambo ambalo halijafanywa na mwanamke tangu kanisa lijengwe, akaweka mkono mgongoni mwa mzee na kumwombea kwa sauti ya chini. Sikusikia alichosema. Wengine tukamfuata. Leo mzee amekuja tena, amefunga mdomo, amekaa tu katikati yetu sisi tukiomba. Ameniambia nikuandikie kwamba hakukasirika, aliogopa. Na kwamba siku ile ya kengele alikuwa amefika kituo cha tatu, akashindwa kukumbuka cha nne.

Haya, nimemaliza. Ukiacha uchungaji, utakuwa bado mwanangu na bado utakuwa mvivu wa kuandika. Lakini usikae peke yako na jambo hili.

Mama yako

*

Gangwon, 11 Agosti 1982

Mama mpendwa,

Shikamoo, Mama. Habari za hapo? Magoti je, na masikio? Msalimie Mama Yeongho, na mwambie afinye kwa kiasi. Mzee Maeng msalimie kwa mikono miwili.

Barua zako sikuwashia jiko. Ile ya Juni nimeisoma mpaka imechanika penye mkunjo. Nilikaa kimya kwa sababu kulikuwa na mahali ilinipasa kwenda kwanza, na miguu ilikuwa inakataa.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Mama Miran. Alinifungulia mlango mikono yake ikiwa na unga, hakuniambia karibu wala ondoka. Nilipiga magoti pale pale mlangoni panapovuliwa viatu, nikamwambia, "Nilikudanganya. Mungu hakuniambia kwamba atatoka."

Alijipangusa unga mikononi, kisha akasema, "Ulidhani nilikuamini? Baba yangu alikuwa mchimbaji, na mume wangu mchimbaji. Maji yakiingia, mimi najua kabla yako. Nilihitaji mtu wa kupiga kelele pamoja nami wakati wa kungoja, nawe ulipiga. Halafu tukamzika, ukapotea. Mwanangu anakuona unazunguka kilima. Hilo ndilo sijakusamehe."

Mama, miezi yote hii nilidhani kosa langu lilikuwa ile ahadi. Nililia kama mtoto, na Miran akaja mlangoni kunitazama.

Akanikaribisha ndani, akaniwekea supu ya tambi za kukata. Akasema niombee chakula. Nikamwambia siwezi, tangu siku ile siwezi. Akasema, "Basi sema hivyo hivyo, supu inapoa."

Nikafumba macho nikasema, "Bwana, siwezi." Sikupata neno la pili. Mama Miran akasema amina, na Miran akasema amina, tukala.

Sikuona kitu, Mama, wala sikusikia kitu. Lakini jana nilirudi, na leo nimerudi, nasema maneno yale yale mawili, nao wananiitikia. Nimemwomba mchungaji wangu aahirishe kuniwekea mikono kwa mwaka mmoja. Ameuliza kama naondoka.

Nimemwambia nabaki, kuna nyumba ninakoombea chakula.

Mwanao, Gyeongsu