Kinu ya Nyassa Iligeuka Ngoma ya Université

Alimasi, samedi tarehe kumi na mbili ndiyo siku yote iliharibika. Mi niko nyumba, nacheka.

Université ilikuwa inafanya fête ya historia ya orchestre ya banafunzi. Recteur akanyanyua ngoma: «Hii ndiyo ya kwanza, zawadi ya comité yetu!»

Zawadi! Ile ni kinu ya marehemu bibi yangu Nyassa! Banafunzi ba zamani baliiazima, bakaifunga ngozi ya mbuzi, haikurudi tena.

Nikasimama, nikasema vile. Recteur akacheka: «Papa, hii haijawahi kuwa kinu. Kaa!»

Bakubwa iko vile, wewe unabajua. Nikakimbia mpaka nyumba, nikaleta muti ya Nyassa ya kutwangia, ile ilikuwa bado mu jikoni. Nikaiingiza mu ile ngoma, ngozi ikapasuka paa! Bote bakaona: ndani mbao bado iko na kijani ya sombe, majani ya muhogo. Kijani, Alimasi! Bamama bakapiga vigelegele: «Twanga, papa, twanga!»

Nikamuuliza recteur mbele ya bantu: «Tangu mulikamata hii kinu, Nyassa alikuwa anatwangia sombe mu nini?»

Alimasi, we unajua?