Macho ya Msukuma Mzinga

Kilwa Kivinje

Kaka Mfaume, shikamoo.

Tangu nikiwa chuoni najiuliza: aliyemtumikia adui wa watu wake huhesabiwa upande gani, ikiwa hatujui kama alilazimishwa? Swali hilo limenirudia kupitia visanamu ulivyoniletea nivipake rangi kwa mchezo wenu wa mezani wa vita vya Majimaji.

Mzinga umekamilika, na askari wake wamevaa kaki. Shangazi Zuwena hunicheka akinikuta nimeinama na brashi: "Wenzako wanalea watoto, wewe unalea wanasesere!"

Uliagiza mmoja wa wapiganaji wa mikuki awe mzee wetu Kondo, ili wanao wamwone shujaa wao. Nilipomwonyesha Shangazi, kicheko kilimkatika.

"Babu yangu hakushika mkuki, mwanangu. Aliusukuma huo mzinga wa Wajerumani."

"Kwa hiari yake?"

"Hakusema. Akiulizwa, alikuwa akiinuka na kwenda zake msikitini."

Basi nimemchukua mpagazi mmoja anayesukuma gurudumu, nikamfanya yeye ndiye mzee Kondo. Nimempaka miguu mitupu na kanzu iliyochakaa, lakini macho yamenishinda. Nikiyaelekeza chini, nimemtetea. Nikiyaelekeza mbele, kule wanakoanguka ndugu zake, nimemhukumu.

Namtuma kwako bila macho. Aliyejua alitazama wapi alinyamaza hadi kaburini, nami ninampenda mno, siwezi kumtolea ushahidi. Wanao wakiuliza, sijui uwajibu nini.

Mdogo wako,
Mwanaidi