Saa Nne ya Wapi

Quitunda, Jumapili

Mdogo wangu Somoe,

Asalaam aleikum. Natumaini goti la mama limepoa, na wewe umeacha kulia. Mimi mwili ni mzima, ila moyo umenuna tangu Ijumaa.

Najua huko Lindi wanasema kaka mtu alizima simu siku ya ndoa ya mdogo wake. Sikuizima. Kazini simu tunaziacha getini kwa sababu ya gesi. Uliniandikia nitapigiwa saa nne, ili mimi niliye walii wako tangu baba alipofariki nimpe uwakala baba mdogo akuozeshe. Nikaomba ruhusa kwa chefe, bosi wetu, na saa nne kamili nikawa getini, nimevaa na kofia ya baba. Nakuta mmeshapiga mpaka mmechoka. Nampigia baba mdogo, ananiambia, "Wageni wamekula pilau yao, wamepanda gari, ndoa haikufungwa."

Amade, mwenzangu wa kazi kutoka Pemba ya huku Msumbiji, ndiye aliyeniuliza, "Mano," yaani kaka, "saa nne ya wapi? Ya kwenu au ya huku?" Saa nne yenu ni saa tatu ya huku. Siku zote nalijua hilo, nikalisahau siku yako.

Wewe huniuliza nafanya kazi gani, nikikujibu unasinzia. Leo vumilia. Kwenye mabomba kuna kompyuta ndogondogo, kila moja mahali pake: moja inanusa gesi, nyingine inafunga valvu, nyingine inapiga king'ora. Zikipishana kidogo tu, watu wanakufa. Kwa hiyo kabla hazijafungwa, mimi huuandika mfumo wote kwa lugha maalumu, kama fundi anavyochora nyumba kabla ya kuchimba msingi: nani anamwambia nani, ndani ya muda gani, na kwa saa ya nani. Kisha kompyuta inapekua maandishi yangu kutafuta pale zitakapokosana. Lugha hiyo haina "sasa hivi" wala "baadaye kidogo". Jibu sahihi likichelewa linahesabiwa kosa. Hayo ndiyo ninayolipwa kuyajua. Mganga hajigangi.

Jioni za hapa ni ngumu, Somoe. Majirani ni watu waliohamishwa kupisha mradi wa gesi, na wananisalimu vizuri, lakini nikifunga mlango hakuna wa kuniuliza hata kama nimekula. Kilichokuwa kinanitia nguvu ni kwamba nitakuozesha mimi, hata kama ni kwa sauti tu.

Sasa baba mdogo anasema wakwe zako wametoa Ijumaa hii tu, ikipita posa imekufa, na habari za simu hawataki tena kuzisikia. Safari nimenyimwa mpaka majaribio yaishe. Kwa hiyo barua hii anavuka nayo Rovuma mama mmoja muuza vitenge, na ndani yake nasema: mimi kaka yako, baba mmoja mama mmoja, nampa uwakala baba mdogo akuozeshe Ijumaa, saa yoyote watakayokaa. Nilipotafuta mashahidi niligundua hapa watu ninaowajua vizuri ni wawili tu, Amade na mwenye nyumba wangu. Wote wametia saini nyuma ya karatasi hii.

Nisalimie mama, na shangazi wa maandazi, na baba mdogo, ingawa alinicheka. Bwana harusi mwambie nitamwona uso nikijaliwa.

Ijumaa shehe akianza kusoma, usiangalie mlangoni. Siji. Olewa, mdogo wangu, usinisubiri.

Kaka yako,
Shaibu