Posa ya Kahangwa imekwama ziwani

Annastella, siamini! Kahangwa kaenda kumposa Felicitas kisiwani Bumbire kwa ile boti yake ya tanga aliyoifunga mota ya umeme.

Upepo mdogo, lakini akaiacha propela izunguke majini ichaji betri. Mjomba wake akafoka, "Pandisha hiyo kitu, inatuvuta nyuma!" Yeye: "Mjomba tulia, tunavuna umeme."

Eti tunavuna umeme! Boti ikatambaa mpaka upepo ukakata kabisa. Betri? Asilimia nne!

Hapo baba yake Felicitas akapiga simu. "Tunawaona tangu asubuhi. Punje za kahawa za kuwapokea wageni tumeshazitafuna wenyewe. Na waposaji wenzenu waliokuja kwa makasia ndio wanakaribishwa ndani."

Wanakaribishwa ndani, shoga!

Kahangwa nyumba anaiona, hata mlango anauona. Kuogelea hajui.