Mdomo wa Baba na Programu ya Kulipia Kila Mwezi

Studio, Chumba cha Mbele,
Nyumba ya Geti la Kijani.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limepunguza kelele, na yule jirani yako wa ghorofa ya juu ameacha kusogeza makabati alfajiri. Sisi huku hatujambo. Wifi yako, yaani Mama, yuko imara. Anakula vizuri, anagomba vizuri, na juzi alinifukuza jikoni akidai nachungulia sufuria. Ukisikia hivyo ujue afya ipo.

Na presha je? Usinijibu kwamba "si mbaya". Hilo ni jibu la mtu anayeficha vidonge chini ya godoro. Niandikie daktari alisemaje, kwa maneno yake mwenyewe.

Mimi niko palepale: pazia la bluu, stuli ya kuzunguka, taa mbili ambazo moja inawaka ikijisikia. Watu bado wanakuja kupiga picha za pasipoti, na bado wanaamini kwamba sura waliyokuja nayo ni kosa langu. Wiki hii mwalimu mmoja amerudisha picha zake akasema, "Huyu si mimi, huyu amechoka." Nikampiga nyingine. Naye yule wa pili alikuwa amechoka, lakini huyo alimkubali.

Utashangaa kwa nini nimekuandikia kwenye karatasi wakati dunia nzima inapiga simu. Sababu utaiona mbele. Kwa sasa nikwambie tu kwamba nafurahi sana simu yako ni ile ya kupigia na kupokea. Baki nayo. Mtu akikuletea ile yenye kioo kikubwa ili "akuonyeshe kitu cha kaka yako", mwambie macho yanauma.

Nianze na kompyuta. Ile ya zamani ilizimika katikati ya picha za harusi, ikatoa harufu ya plastiki na haikuamka tena. Diski yake niliiokoa, kazi zote zimo. Nikanunua nyingine. Hii mpya ikaikataa kabisa programu yangu ya kurekebishia picha, ile niliyoinunua mara moja ikiwa kwenye sidii, nikajifunza mwenyewe kwa kubonyeza kila kitu nione kitatokea nini. Ikabidi nimwite shemeji.

Shemeji unamkumbuka, mume wa dada, mwenye duka la kompyuta. Sisi tunamwita Toleo Jipya, kwa sababu ukimpelekea tatizo lolote anakuambia lilishatatuliwa kwenye toleo jipya. Alikuja amevaa miwani shingoni, akakaa kwenye stuli ya wateja akawa anazunguka.

"Shem, siku hizi hizo programu hazinunuliwi. Unalipia kila mwezi."

"Kwa hiyo nakodi."

"Hukodi, bwana. Unajiunga."

"Na nikiacha?"

"Sasa kwa nini uache?"

"Shem, mimi nimekuuliza mlango wa kutokea, wewe unanionyesha viti."

Akacheka, akajizungusha tena kwenye stuli. Hapo ndipo machale yaliponicheza. Mtu akikuuzia kitu na kusahau kukuambia kinavyoisha, basi mwisho wake anaujua vizuri.

Na ujue, Shangazi, mimi nina sababu ya kuuliza hivyo kuliko watu wengine. Mpiga picha mwenzangu wa kule sokoni akimaliza picha anaitoa kwenye programu ikiwa picha ya kawaida, inayofunguka popote. Mimi sifanyi hivyo. Mimi naiacha ndani na tabaka zake zote: uso chini, poda juu ya uso, mwanga juu ya poda. Bibi harusi akirudi kulalamika kwamba anaonekana amelia, namwondolea machozi kwenye tabaka lake bila kugusa shela. Wateja wanapata karatasi, mimi nabaki na mafaili. Nilijiona mjanja kweli. Sasa ujanja huo maana yake ni kwamba miaka yangu yote ya kazi iko kwenye mafaili ambayo programu moja tu ndiyo inayojua kuyafungua, na programu hiyo imeanza kudai kodi.

Shemeji akanipa mwezi wa majaribio, wa bure. Yeye alidhani nitautumia kufanya kazi. Mimi niliutumia kungoja uishe. Kama ni uchumba, mimi nataka kumwona mtu siku aliyokasirika, si siku aliyopaka mafuta. Mwezi ukaisha nikakaa mbele ya kioo cha kompyuta, kikombe mkononi. Ikafunguka kwa heshima zote, ikanionyesha majina ya mafaili yangu yote, na nilipobonyeza moja ikaniambia nijiunge kwanza. Haikunifutia kitu, siwezi kuisingizia. Diski ni yangu, mafaili ni yangu, yapo yamejaa. Ila ni kama nimepewa maiti ya ndugu yangu ndani ya sanduku lililopigiwa misumari.

Nikaulizia programu za bure. Ya bure inanitia shaka zaidi, lakini niliijaribu. Ilifungua picha ya kaimu meneja wa benki, pua yake ikaenda kukaa begani. Nikaifunga kwa adabu.

Kwa hiyo nimelipia mwezi mmoja, huu wa Machi, na shemeji anafikiri nimeongoka. Kumbe nimelipia ili nihame. Kila nikikosa mteja nafungua faili moja moja na kulitoa likiwa picha ya kawaida, nakala moja kwenye diski iliyoko studio na nyingine kwenye diski iliyolala katikati ya shuka za Mama. Shemeji alinishauri pia nizihifadhi mtandaoni, "huko juu zitakuwa salama". Nilimuuliza huko juu ni kwa nani. Akasema kwa kampuni. Nikamwambia basi siyo juu, ni kwa mtu.

Zote zimetoka, Shangazi. Imebaki moja, nayo ndiyo iliyonifanya nikuandikie.

Ni ile ya Baba akiwa kijana, yenye shati jeupe na kalamu mfukoni, iliyokuwa sebuleni. Najua unaijua, ulikuwepo ilipopigwa. Ni picha yake pekee akiwa hana ndevu. Mwaka jana maji yaliingia ukutani, picha ikagandamana na kioo cha fremu. Mama, kwa nia njema, aliivuta. Kuanzia pua kwenda juu ikaja na karatasi. Mdomo na kidevu vikabaki kwenye kioo kama ukoko, na kabla sijarudi kutoka kazini kioo kilikuwa kimeshaoshwa na kukaushwa. Filamu yake haipo, na studio iliyoipiga sasa ni duka la sabuni.

Nimekuwa nikiitengeneza tangu hapo. Macho hayana neno, paji la uso nimeliondolea madoa. Mdomo ndio ulionishinda. Kwa kuwa kila mtu anasema tumefanana, nilinyoa, nikajipiga picha kwa taa ileile ya upande, nikampa wangu kwenye tabaka la peke yake. Ukikaa vizuri unakubali. Ukimwangalia sana unaona ni mimi nimevaa macho ya Baba. Basi sikuwa nimeumaliza. Nauhamisha, naukunja, naurudisha.

Siku shemeji aliponiwekea programu mpya, alitaka kunionyesha nguvu zake. Akafungua picha hiyohiyo, akaficha tabaka langu, akazungushia duara lile tundu, akabonyeza. Kufumba na kufumbua, Baba akawa na mdomo. Na siyo mdomo tu, tabasamu! Meno mawili ya mbele yanaonekana kidogo, na kishimo shavuni.

Mama alikuwa mlangoni na bakuli la maharage anayachambua. Akasema, "Jamani! Ndiye!"

"Mama, ndiye nani?"

"Baba yenu. Ndivyo alivyokuwa akicheka."

"Mama, wewe ulimkuta na ndevu mpaka kifuani."

"Nilikuwa naona chini ya ndevu."

Shemeji akapiga makofi. Mimi nikamuuliza mdomo ule umetoka wapi. Akasema programu imejifunza kwa picha nyingi mno, inakisia. Nikamuuliza picha za nani. Akasema za watu. Sasa, Shangazi, hebu fikiria. Kuna mtu mahali fulani, simjui wala hanijui, ana kishimo shavuni, na leo kishimo chake kiko kwa baba yangu.

Ningenyamaza, lakini jambo limekua. Dada, aliyekuwa amekuja na mumewe, aliipiga picha kwa simu, akairusha kwenye kundi la familia kabla sijanyanyuka. Binamu wote wameandika kwamba mzee alikuwa mtanashati. Mmoja ambaye Baba alifariki yeye akiwa tumboni ameandika, "Nalikumbuka tabasamu hilo." Mama amekwisha kuanza hadithi: jinsi Baba alivyotabasamu siku ya posa, jinsi kile kishimo kilivyomwondolea hasira. Mwaka juzi hadithi hiyohiyo ilikuwa na kikohozi, haikuwa na kishimo. Na yule binti mdogo wa dada nimemkuta mbele ya kioo cha studio akijibonyeza shavu kwa kidole. Nilipomuuliza, akasema anatafuta cha babu.

Hilo ndilo lililonikosesha raha. Ukoo mzima unajifunza kucheka kwa mdomo wa mgeni, na mimi ndiye niliyelipia umeme.

Lakini, ili usinione mkaidi, nina shaka na upande wangu pia. Huenda mashine imekisia sawa. Huenda nang'ang'ania kwa sababu mdomo mwingine ni wangu, na ni nani asiyependa kuambiwa ana mdomo wa baba yake? Mimi si hakimu wa kesi hii, Mama si shahidi, na shemeji nashuku anapata kitu kwa kila anayemjiungisha, ingawa nikimuuliza anasafisha miwani. Anayeukumbuka uso ule kabla ya ndevu, akiwa hai na akili zake, ni mmoja tu. Ni wewe, uliyegombania naye kioo kimoja asubuhi za shule.

Ndani ya bahasha kuna picha tatu za Baba, nimezichapa mwenyewe kwenye karatasi nzito. Ya kwanza ina duara nyuma, ya pili ina msalaba, ya tatu haina alama. Hiyo ya tatu ni ilivyo, imekatikia puani, sikumwekea kitu. Ya duara na ya msalaba sikwambii ipi ya mashine na ipi yangu, wala usijaribu kukisia kwa kunifikiria mimi. Keti dirishani mchana, vaa miwani, ziangalie ukiwa peke yako. Usimwite yule mwanao mwalimu wala yule muuguzi kuangalia nawe, maana hao wako kwenye lile kundi, watakuvuta.

Ukishaamua, nipigie. Sema tu "duara" au "msalaba", sitakubishia. Hiyo ndiyo nitakayoitoa, nitakayompa Mama aitundike, na ile nyingine nitaifuta mwenyewe, hata kama ni yangu. Ila nijulishe kabla mwezi haujaisha. Silipii mwingine, na mlango ukifungwa tena nitabaki na jina la faili tu.

Kama zote mbili si yeye, chukua penseli, umchore kwenye ile isiyo na alama, kisha uirudishe kwa njia ya posta. Usijali mkono unatetemeka. Mstari mmoja wa mahali midomo inapokutana unanitosha, mengine nitayafuata taratibu. Hapo nitalipia mwezi mmoja zaidi, na shemeji anaweza kucheka apendavyo.

Na kama umesahau, Shangazi, niambie umesahau. Usinichagulie mmoja ili kunifurahisha, maana humu ndani wanaofurahisha wenzao tumeshawapata wa kutosha. Nitaitoa bila mdomo na kuitundika hivyohivyo, na mtoto akiuliza babu alikuwa akichekaje, nitamjibu kwamba aliyejua alikuwa ni wewe, na kwamba tulichelewa kukuuliza.

Nisalimie binamu zangu wote wawili, na yule jirani wa makabati ukipenda. Mama anakusalimu, anasema umjibu barua yake kwanza kabla ya hii. Dada na mumewe wanakusalimu pia, hawajui nimekuandikia. Mungu akulindie macho yako, akutulizie presha, na akukalishe nasi siku nyingi bado.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye na kuisikilizia simu,

Chungulia