Nyasi Zilizogomesha Ukuta wa Kagondo

Hamugembe, Bukoba

Mama yangu mpendwa,

Kasinge waitu, pokea salamu zangu. Goti limepoa? Na ile migomba iliyoinamishwa na upepo, mmeiwekea nguzo? Mimi ni mzima, nakula nashiba, na leo nina furaha mpaka kalamu inanikimbia. Dada akusomee polepole, asirukeruke kama kawaida yake.

Ule ukumbi mkongwe wa Kagondo niliokusimulia, uliokuwa ukivuja hadi bibi harusi anafunguliwa mwavuli humo ndani, umevunjwa. Mpya una kuta za mbao zinazoteleza kwenye reli ya sakafuni. Ukitaka chumba cha kliniki ya watoto, unavuta. Ikija harusi, unazisukuma pembeni, ukumbi unakuwa mmoja. Kuta hizo nimezitengeneza mimi, Mama. Na mwenyekiti wetu wa huko Kimwani alialikwa kwenye ufunguzi, maana nanyi mnataka kuvunja ukumbi wenu. Alishasema zikimpendeza, kazi ya huko ni yangu. Niliomba Mungu kama mtoto wa komunio ya kwanza.

Asubuhi ya ufunguzi nilikuta kina mama wa Kagondo wamedamka na kutandika nyasi mbichi ukumbi mzima, kama inavyotandikwa nyumba inayopokea wageni. Zilinukia vizuri, nikapita nazisifu tu, mjinga mimi. Padri akabariki, nikaambiwa nivute. Ukuta ukatembea kidogo, ukagoma. Nikasukuma kwa bega, wapi! Reli ilikuwa imejaa nyasi. Mwenyekiti wetu akawa anatazama viatu vyake.

Unanijua hasira zangu. Niliwageukia kina mama nikasema wameniharibia kazi. Mkubwa wao, Ma Justina, hata hakununa.

"Mwanangu, wewe si Mhaya?" akaniuliza. "Ulidhani tutapokea wageni kwenye saruji tupu?"

Mimi mwenyewe nimekulia juu ya nyasi hizo hizo. Nikaanza kucheka, naye akacheka, kisha kina mama wakapiga magoti wakachokonoa reli kwa vijiti na pini za vitenge, kwaya ikiimba. Niliposukuma tena, ukuta uliteleza mpaka mwisho. Vigelegele vilivyopigwa! Nililia, Mama, wala sikujificha.

Mwenyekiti akanifuata. Akasema Kimwani nako nyasi zitatandikwa, sasa reli nitaiweka wapi? Nikamjibu nitaifunga juu, kuta zining'inie.

"Basi njoo uanze," akasema.

Nisalimie baba mdogo, mtengeneza rubisi wetu, pombe ya ndizi isiyokosekana kwetu, na shangazi mkunga. Dada naye mwambie sauti ishakauka, apumzike.

Kitandani kwangu toeni magunia ya kahawa. Safari hii siji kuzika na kuondoka kesho yake, Mama. Nakuja kukaa, mpaka ukumbi wetu uishe.

Mwanao,
Mugisha