Zeinabu, Msomee Bila Kuruka Mstari

Jeddah,
Jumamosi, saa nne asubuhi

Mume wangu Baba Guyo,

Asalaam aleikum warahmatullah. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kwenye kile kiti chako cha kamba, mgongo umetulia na kikohozi kimekuachia. Mimi ni mzima wa mwili. Mambo ya moyo tutayafikia.

Kwanza nimsalimie anayekusomea. Zeinabu, mke mwenzangu, hujambo? Najua karatasi hii iko mkononi mwako na si mwake, maana Baba Guyo anaweza kutazama kundi la mbuzi mara moja akakuambia ni yupi amepotea, lakini hajui alifu kwa kijiti. Ombi langu kwako ni moja. Soma kila neno nilivyoliandika. Usiruke mstari, na ukifika mahali pachungu usijifanye mwandiko wangu haueleweki. Mwandiko wangu unaeleweka. Mwalimu wa darasa la sita aliusifu mbele ya watoto wote.

Baba Guyo, kazi hiyo ya kukusomea ilikuwa yangu. Hujasahau. Barua ya kaka yako wa Moyale ikija, ulikuwa unaniita nitoke jikoni, unaniambia ninawe mikono, nami nakaa mkekani karibu na goti lako. Sasa goti hilo lina msomaji mwingine. Hata habari kwamba umeoa niliisoma kwa mwandiko wa bibi harusi mwenyewe. Mwandiko mzuri, wa kulalia kushoto. Nilisimama katika jiko la watu ninaowafanyia kazi hapa nikatafuta kosa, angalau moja, nikakosa.

Barua yenu ya mwisho ilinifikia wiki mbili zilizopita, kurasa tatu. Nilitegemea habari za Guyo na shule yake, za mama yangu kule Biliqo, na kama mto Ewaso umebaki na maji ya kuteka au watu wanachimba mchanga. Habari hizo zote zilipewa mistari mitano. Ukurasa mmoja na nusu ulikuwa wa video. Jinsi yule tajiri wa malori wa mtaa wa Bulla Pesa alivyonunua televisheni na mashine ya kanda, jinsi jenereta ilivyonguruma nyuma ya nyumba, na jinsi, naandika kama ilivyoandikwa, "mimi na Baba Guyo tulivyokaa mkeka wa mbele tukatazama mpaka mwisho." Mimi na Baba Guyo. Hayo maneno nimeyasoma mpaka karatasi imelegea pale kwenye kunjo.

Miaka ile gari la sinema lilipokuwa likija uwanjani na kutundika shuka jeupe, nilikuomba twende. Nilikuomba mara tatu. Mara ya tatu ulinijibu bila kunitazama: "Sinema ni ya watu hawana ng'ombe ya kuangalia." Nikaenda kukamua. Basi nauliza, huo mkeka wa mbele umetoka wapi? Au kwa vile ukame umemaliza ng'ombe, sasa nafasi imepatikana? Nisamehe kwa hilo la ng'ombe, nami niliwalilia kama wewe. Lakini silifuti. Zeinabu, lisome.

Nina wivu. Nimeliandika wazi ili msipate taabu ya kukisia.

Sasa nami niwape habari ya sinema, tuwe sawa. Nyinyi mna kisanduku kinachotazamwa na watu arobaini. Tajiri wa nyumba hii ametenga chumba kizima, hakilali mtu, hakiliwi chakula, kazi yake ni kutazama tu. Kuta zimevikwa zulia kama sakafu. Viti ni vipana na vinalala nyuma kuliko vile vya ndege iliyonileta. Picha haitoki kwenye kisanduku. Kuna mashine inaitwa projekta, imewekwa chini katikati, ina macho matatu, jekundu, la kijani na la buluu, nayo inatupa picha ukutani, na mtu mmoja ukutani ni mrefu kuliko mlango. Hawatumii kanda. Wanatumia sahani kubwa inayong'aa hata unaweza kujifungia mtandio ukiitazama. Halafu kuna spika. Mbele mbili, nyuma mbili, na moja kubwa kama kreti nne za soda zilizopangwa pamoja, hiyo imekaa pembeni. Nilidhani ni kabati, nikawa naipangusa vumbi kila siku na kuweka juu yake nguo za kupiga pasi.

Ijumaa ya wiki iliyopita, baada ya chakula cha mchana, walivuta mapazia, watoto na wageni wakakaa, mimi nikaitwa nilete chai. Nimefika mlangoni na sinia, vikombe kumi na viwili, vikaanza kutetemeka. Niliitazama mikono yangu, imetulia. Ni ile spika kubwa. Ukutani palikuwa na ukuta mwingine wa saruji, mrefu kama mlima, umeziba mto mzima juu ya mji, na ulikuwa unapasuka. Ghafla nikasikia maji yakimwagika nyuma yangu. Baba Guyo, niliweka sinia chini, nikakimbilia jikoni kufunga mfereji. Mfereji ulikuwa umefungwa. Nikaenda bafuni, kukavu. Niliporudi watoto walikuwa wanacheka hadi wanashika matumbo, maana maji yalikuwa yanatoka kwenye zile spika mbili za nyuma.

Bibi wa nyumba akaniambia nikae kwenye zulia nitazame. Ni mwanamke mwenye huruma, siwezi kumsema vibaya. Nikakaa, na wakati huohuo ule ukuta wa saruji ukavunjika, yakatoka maji. Hujawahi kuona maji mengi kiasi hicho, wala mimi, wala baba yangu aliyechunga kutoka Merti mpaka mpakani. Yakashuka meupe kwa kishindo, na mdomo wangu ukasema wenyewe, kwa sauti: "Bishaan! Alhamdulillahi!"

Chumba kizima kikageuka kunitazama. Bibi aliniuliza nashukuru nini na watu wanakufa. Nilimwambia kwetu maji tunayaita bishaan, na yakija, hata yakija vibaya, ulimi huanza kwa kushukuru. Nikaona haya. Lakini ninyi mliobaki huko mnajua nilichokiona. Sikuwaona watu. Niliwaona ng'ombe wetu wamelala ubavu kando ya barabara ya Kulamawe, na mito ile ya bure ikipita ukutani.

Halafu nikawaona watu, na hapo ndipo nataka usikie vizuri. Sogeza kiti.

Katika hadithi ile alikuwapo bwana mmoja, fundi wa hiyo saruji. Alikuwa na mke wa zamani, anakaa nyumba ya chini kando ya mto, mwanamke wa makamo, amefunga kitambaa kichwani, anapika. Na alikuwa na mwingine, kijana, amemweka hoteli ya juu kilimani. Maji yanakuja, bwana yuko garini, amefika njia panda. Kushoto ni kwa mama wa zamani. Kulia ni kwa yule kijana. Akasimama. Muziki ukanyamaza, spika zote tano zikanyamaza, ukawa unasikia pumzi yake tu, nyuma ya shingo yako. Nilikuwa nimejishika magoti. Nilisema kwa Kiborana, kimoyomoyo, geuka kushoto, geuka kushoto.

Akaenda kulia.

Watoto walishangilia, maana yule kijana ni mzuri na alikuwa analia. Mimi nilitaka kwenda kuzima mashine. Yule mama wa nyumba ya chini, hakuna aliyemshika mkono. Aliyaona maji mlangoni, akapanda meza, akapanda kabati, akatoboa dari, akatokea juu ya paa. Akafungua kitambaa chake kichwani, akajifunga nacho kwenye bomba la moshi, akakaa. Walimsahau muda mrefu. Wakaonyesha magari, wakaonyesha wakubwa wakibishana, na mimi nawaza tu, mama yangu, yule bado yuko juu ya paa. Mwisho kabisa ikapita mashua ya watu asiowajua, wakamchukua. Bibi aliponiona nalia alinikumbusha kuwa ni mchezo wa sinema, yule mama saa hizi yuko kwake anakula. Nikamwambia ninajua. Sikumwambia kwamba mimi ndiye niliyekuwa juu ya paa.

Walipotoka, nilibaki kukusanya vikombe. Mashine ilikuwa bado inawaka, ukuta mweupe mtupu. Barua yenu ilikuwa kwenye mfuko wa aproni, naibeba kila mahali, ndiyo wivu wenyewe huo. Mnakumbuka ukurasa wa tatu una mstari uliokatwa. Zeinabu, wewe unakumbuka vizuri. Umekwaruzwa kwa kalamu mara nyingi mpaka karatasi imechubuka. Nilikuwa nimeuweka dirishani, nimeuweka kwenye taa ya jikoni, sikuona kitu. Siku hiyo niligeuza karatasi nikaiweka karibu kabisa na macho ya ile projekta. Mwanga ule ungeweza kupita hata kwenye blanketi. Na kwa nyuma, chini ya mikwaruzo, nikaona alama za kalamu:

"Mwambie arudi nyumbani."

Ni maneno yako hasa, Baba Guyo, yametoka mdomoni mwako yakaandikwa mbio kabla ya kupangwa vizuri kuwa barua. Ndilo kosa lile nililolitafuta katika mwandiko wa Zeinabu. Kisha yakakatwa, na chini yake hapakuandikwa kingine ila "tunamaliza hapa, wasalaam."

Kazi yangu hapa inaisha baada ya Idd. Bibi anataka niongeze miaka miwili, na nawaambia ukweli, kabla ya Ijumaa ile nilikuwa nimeshafungua mdomo kukubali, kwa hasira tu, ili mkae na mkeka wenu wa mbele. Jana nimemwambia hapana. Nitatua Nairobi Alhamisi ya pili baada ya Idd. Sitaki jibu la karatasi, karatasi zenu nimezichoka. Ukitaka kunijibu, njoo uwanja wa ndege mwenyewe, mikono mitupu. Nikikuona, nimejibiwa. Nisipokuona, nitajua wewe ndiye uliyesema mstari ule ukatwe, na nitapanda basi la Isiolo peke yangu, maana nyumba ile niliikandika kwa mikono hii na bado nakumbuka mlango uko wapi.

Nisalimie mama mkwe, na umwambie dawa yake ya macho nimeipata. Msalimie Guyo, mwambie asome, asije akahitaji mtu wa kumsomea. Msalimie kaka yako wa Moyale akishuka, na yule jirani yetu muuza maziwa aliyenisindikiza mpaka kituoni wakati wewe ulikuwa mnadani Oldonyiro. Mama yangu huko Biliqo apelekewe salamu kwa mdomo na mtu wa kwanza atakayeelekea huko.

Sasa Zeinabu, tumebaki mimi na wewe, ingawa yeye anasikia. Kama alikuamuru ukate, huna kosa. Na kama ulikata kwa moyo wako, nakuelewa kuliko yeye atakavyokuelewa. Mimi ningekuwa pale ulipokaa, karibu na goti lile, nikaambiwa niandike neno hilo kwa mkono wangu mwenyewe, nisingekata mstari. Ningechana karatasi nikaitia motoni. Wewe ulikata, kisha ukaiweka ndani ya bahasha ukaituma. Kwa hiyo sitakudai zaidi ya jambo hili moja. Inua uso umtazame, na umwambie kwa sauti yako, hilohilo ulilolikata: Baba Guyo, ulisema arudi nyumbani. Anarudi.

Wako, na bado ni wako,
Habiba, Mama Guyo